Barafu kavu chini ya Ziwa Tanganyika: je, itakuwa majimaji?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Kigoma. Wiki iliyopita tulipokea boksi la vitendanishi vya maabara lililofungwa pamoja na barafu kavu, na vipande vichache vikabaki. Usiku, tukiwa zamu, tulitia kimoja kwenye ndoo ya maji. Kikatokota, kikatoa ukungu mpaka kikaisha, na ubishi ukaanza. Mwenzangu mmoja anasema barafu hii haiwezi kuwa majimaji hata ufanyeje. Mimi nikasema lazima ipo njia. Tumewekeana soda. Tusaidie: tukiifunga jiwe tukaizamisha Ziwa Tanganyika hadi chini kabisa, itakuwaje? Tukiipandisha kileleni Kilimanjaro je? Na dunia ikishikwa na baridi kali, hii hewa tunayoitoa puani inaweza kuanguka kama theluji? Mwenzetu mwingine alitaka tuifungie kwenye chupa ya soda tuone, nikamkataza mpaka nipate jibu lako."

Marahaba, dada. Nitaanza na chupa, kwa sababu maswali mengine yote yanaweza kusubiri ila hilo halisubiri. Umefanya jambo kubwa kumkataza mwenzako, na naomba uendelee kumkataza. Gramu 100 tu za barafu kavu zikigeuka gesi hutoa lita 54 hivi. Sasa zifikirie lita 54 zimelazimishwa kukaa ndani ya chupa ya nusu lita. Chupa ya plastiki ya soda hupasuka mgandamizo wa ndani unapofika kama mara kumi ya ule wa hewa ya kawaida, na barafu hiyo ikiachwa ipate joto la chumba ingetaka kufika mara 50 na zaidi. Dakika ya kupasuka haijulikani. Inaweza kuwa pale pale mtu anapoinama kuangalia kwa nini haijapasuka. Vipande hurushwa kwa nguvu ya kuondoa jicho au kidole. Chupa ya kioo ni mbaya zaidi, na chupa ya chai yenye kifuniko cha kukaza nayo ni bomu. Boksi lenu la stairofomu lilifika salama kwa sababu mfuniko wake hauzibi kabisa. Huacha upenyo gesi itoke.

Ila mwenzenu huyo wa chupa, bila kujua, alikuwa ameligusa jibu. Muda mfupi kabla ya kupasuka, ndani ya chupa ile kungekuwa na majimaji. Kwa hiyo soda ni yako, dada. Barafu kavu huwa majimaji vizuri kabisa. Haihitaji dawa wala joto la namna ya pekee. Inahitaji kubanwa.

Niseme wazi kwamba majimaji hayo si maji. Barafu kavu ni kaboni dayoksaidi iliyoganda, ile ile hewa ukaa unayoitoa puani na inayofanya soda itoe povu. Haina tone la maji ndani yake. Ikiwa majimaji, inakuwa kaboni dayoksaidi kimiminika: haina rangi, ni nyepesi kumiminika, ukiiona nyuma ya kioo utadhani maji ya kisima.

Tumezoea kuizungumzia barafu hii kana kwamba ukavu ni tabia yake ya kuzaliwa. Vitabu vya shule navyo huandika kwamba hugeuka kutoka yabisi kwenda gesi "bila kupitia kimiminika", nukta, basi. Mimi naona tunaisingizia. Ukavu ule ni wa hewa tunayoishi ndani yake, si wa barafu. Sisi ni viumbe wa chini ya bahari ya hewa, na bahari hiyo hutubana kwa uzito wa karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwa maji, mbano huo ni mwingi kupita kiasi. Maji hupata hali ya kimiminika hata kwa sehemu ndogo sana ya mbano huo. Kwa kaboni dayoksaidi mbano huo ni hafifu. Yenyewe inadai angalau mara 5.1 ya mgandamizo wa usawa wa bahari. Kama tungezaliwa kwenye sayari yenye hewa nzito mara sita ya hii yetu, barafu kavu ingetiririka mezani kama barafu yoyote, na hakuna mtu ambaye angeiita kavu.

Kwa nini mgandamizo ndio unaoamua? Fikiria darasa. Wanafunzi wamekaa kwenye madawati, safu kwa safu: hiyo ni yabisi. Kengele inalia, wanataka kwenda uwanjani. Kati ya darasa na uwanja kuna ukumbi mwembamba. Kama mlango wa nje uko wazi na uwanja ni mtupu, hakuna anayebaki ukumbini. Anayenyanyuka dawatini anatokea uwanjani moja kwa moja. Lakini kama uwanja umejaa watu wanaosukumana mpaka mlangoni, wanaotoka darasani watakwama ukumbini, wamebanana, wanasogeasogea, si wa madawati tena wala si wa uwanjani. Huo msongamano wa ukumbini ndio kimiminika. Molekuli za kaboni dayoksaidi hushikana kwa ulegevu, kwa hiyo bila umati wa kuzizuia mlangoni huwa zinapita ukumbi mbio. Molekuli za maji hushikana mikono kwa nguvu zaidi, ndiyo maana hukaa ukumbini hata umati ukiwa mdogo.

Ukitaka mfano wa nyumbani, fungua sanduku la nguo la bibi. Kidonge cha kafuri kilichowekwa kati ya kanga kinapungua mwezi hadi mwezi, mwishoni kinabaki harufu tu, na kanga hazikulowa hata mara moja. Kafuri inafanya polepole kile ambacho barafu kavu inafanya kwa haraka.

Mtu wa kwanza kuieleza barafu hii kwa maandishi ni Mfaransa Thilorier, mwaka 1835. Alikuwa na chombo cha chuma chenye kaboni dayoksaidi kimiminika, akakifungua, na badala ya majimaji kumwagika akaona theluji nyeupe. Angalia mfuatano huo: yeye aliyafikia majimaji kwanza, barafu ikaja baadaye. Hata leo inatengenezwa hivyo hivyo. Gesi hubanwa na kupozwa mpaka iwe kimiminika, kisha huachiwa ghafla. Sehemu yake inaruka kuwa gesi, na kwa kuruka huko inanyonya joto la ile iliyobaki, inayoganda kuwa theluji, nayo hushindiliwa kuwa matofali au vijiti. Jina la "barafu kavu" ni la biashara ya Marekani ya miaka ya 1920. Barafu yenu ya Kigoma ilikuwa majimaji kiwandani kabla ya kuwafikia, dada. Mwenzako angeambiwa hilo mapema, asingeweka soda. Gesi yenyewe nayo si ngeni kwetu. Rungwe kule Mbeya, na Kereita huko Kiambu, inatoka ardhini yenyewe, na watu huikusanya kwa kazi.

Sasa twende ziwani, maana swali hili limenifurahisha kuliko yote.

Jiwe na kamba acheni nyumbani. Barafu kavu ni nzito kama mara moja na nusu ya maji, itazama yenyewe, kama mlivyoona kwenye ndoo. Kipande kidogo kingeisha njiani, hivyo kwa mchezo wetu tuchukue bonge la kilo 200 na tuliachie katikati ya ziwa, mahali ambapo kina kinafika mita 1,470. Mita za mwanzo mtaona kile mlichokiona kwenye ndoo, ila kwa ukubwa wa kutisha: maji yanatokota viputo, na juu ukungu mzito unatambaa. Ukungu ule, niongeze, si kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi haionekani. Ule ni unyevu ulioshikwa na baridi ukawa vitone, kama pumzi yako asubuhi ya baridi huko Njombe.

Kila mita kumi za maji huongeza mgandamizo wa karibu hewa moja nzima ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 770 hivi, kwa hiyo linaanza na pungufu kidogo, kama 0.9. Pigeni hesabu: bonge letu likifika karibu mita 43, limepata ile mara 5.1 inayodai. Hapo jambo jipya linaanza. Ngozi ya bonge inalegea na kulowa. Mwanafunzi wa kwanza amekwama ukumbini. Nyuzi zake ni 56.6 chini ya sifuri, na kwenye sehemu hiyo hiyo, kwa mgandamizo huo huo, yabisi, kimiminika na gesi vinaweza kukaa pamoja bila kimoja kukimeza kingine. Huitwa nukta ya utatu. Niliwahi kuiona maabara ndani ya bomba nene lenye dirisha la kioo: barafu inalainika pembeni, majimaji yanakusanyika chini, na juu ya majimaji yale yale viputo vinachemka. Mtaalamu akalegeza vali kidogo, na majimaji yote yakageuka theluji kabla sijapepesa jicho. Nimefundisha miaka mingi na bado sijaona kitu kizuri kuliko hicho ndani ya bomba.

Lakini ziwani ushindi wa mita 43 ni mdogo. Maji ya Tanganyika, hata kwenye kina kikubwa, yana joto la nyuzi 23 au 24. Kwa kaboni dayoksaidi hilo ni jiko. Tone likitokea kwenye ngozi ya bonge linachemka papo hapo na kuwa kiputo. Kwa hiyo kuanzia mita 43 bonge letu linayeyuka, ndiyo, lakini majimaji yake hayaishi. Tunazidi kushuka. Tumeshapita mahali ambapo migebuka na dagaa wanaishi. Chini ya mita mia moja au mbili ziwa hilo halina oksijeni, ni giza na ukimya. Mita 300, 400, 500. Viputo vinazidi kuwa vidogo na vizito, maana gesi iliyomo imebanwa.

Karibu na mita 630 viputo vinakoma. Mgandamizo umefika mara 62 hivi, na kwa joto la maji yale kaboni dayoksaidi haiwezi tena kuchemka. Kuanzia hapo linalotoka kwenye bonge ni matone, kama mafuta ya taa ndani ya maji. Na matone hayo yana safari yake. Yakiwa bado na baridi kali ya bonge ni mazito kuliko maji, kwa hiyo yanazama. Yakishapata joto la ziwa yanatanuka, yanakuwa mepesi kuliko maji kwa asilimia 12 hadi 25 hivi kulingana na kina, na yanageuza njia kupanda. Mengi yatayeyukia humo humo majini na kuyafanya yawe machachu kama soda. Tone litakalofanikiwa kupanda hadi mita 630 litachemka hapo na kumaliza safari yake likiwa kiputo. Chini kabisa, kwenye mita 1,470, mgandamizo ni zaidi ya mara 140. Bonge litakalofika huko litayeyuka kama barafu ya kawaida ndani ya glasi, bila kiputo hata kimoja. Mwenzako akiwa amesimama huko chini angeapa kwamba barafu kavu ni barafu ya kawaida.

Usidhani haya ni ya kufikirika tu. Mwaka 2004, kwenye volkano iliyo chini ya Bahari ya Pasifiki katika safu ya Mariana, kina cha mita 1,600 hivi, wanasayansi walikuta matone ya kaboni dayoksaidi kimiminika yakitoka kwenye sakafu ya bahari na kupanda kama viputo vya soda, wakapaita mahali hapo Champagne. Na baharini ukienda chini zaidi, kama mita 3,000, mambo yanageuka tena: majimaji hayo yanabanwa mpaka yanakuwa mazito kuliko maji ya bahari, na hayapandi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa California waliyamimina kwenye kina cha zaidi ya mita 3,600 na yakakaa pale chini kama maji kwenye bakuli. Tanganyika, pamoja na ukuu wake, haina kina hicho.

Kuna mpaka mwingine ambao hukuuliza, lakini siwezi kuupita kwa sababu unawahusu ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa. Ule mtungi mwekundu wa kuzimia moto wenye mdomo mpana mweusi, usio na kipimo cha presha, mara nyingi una kaboni dayoksaidi. Kigoma, asubuhi yenye nyuzi 24, ndani yake kuna majimaji, na juu yake gesi. Uhamishie kwenye stoo ya bati Dar mwezi wa pili, joto likiwa nyuzi 34, majimaji hayamo tena. Hayakuvuja. Juu ya nyuzi 31 kaboni dayoksaidi haiwezi kuwa kimiminika hata uibane kwa nguvu gani; mstari kati ya kimiminika na gesi unafifia na kutoweka, na mtungi mzima unabaki na kitu kimoja kizito kama kimiminika lakini kinachosambaa kama gesi. Thomas Andrews aliligundua hilo Belfast katika miaka ya 1860, tena kwa gesi hii hii. Mitungi imetengenezwa kwa kulijua hilo, kwa hiyo msiogope ya ofisini kwenu, ila isiwekwe juani.

Kilimanjaro nitaipita upesi, kwa sababu huko jibu linakwenda upande ule ule wa ndoo. Uhuru iko mita 5,895, hewa imepungua hadi karibu nusu, umati wa mlangoni umepungua nusu, kwa hiyo majimaji ndiyo yako mbali zaidi. Kinachobadilika ni baridi ya barafu yenyewe. Usawa wa bahari ngozi yake hukaa kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Kwenu Kigoma karibu 79 na nusu. Kileleni ingeshuka hadi 87 hivi. Ni sheria ile ile inayofanya maji ya chai yachemke huko kwenye nyuzi 80 na kitu na maharage yagome kuiva.

Ila mkiwa huko juu, acheni barafu yenu na mtazame ya mlima. Kuta za barafu za Kibo, sehemu kubwa ya kinachopotea hakiwi maji kabisa. Hewa ya huko ni kavu, jua ni kali, baridi iko chini ya sifuri, na barafu inapaa kuwa mvuke moja kwa moja. Barafu ya maji, tunayoiita ya kawaida, nayo ni kavu ikipata mazingira yake. Na wewe, dada, umeishika kazi ya ukavu huo mkononi mara nyingi. Chanjo ya surua huja kama unga ndani ya kichupa, sivyo? Mnaichanganya na kiyeyushi chake kabla ya kumchoma mtoto. Unga ule ulikuwa kimiminika. Kiwandani hugandishwa, kisha hewa hunyonywa mpaka mgandamizo unakuwa chini ya sehemu moja kwa mia na sitini ya ule wa kawaida, na chini ya kiwango hicho barafu ya maji haina ruhusa ya kuyeyuka. Inapaa, chanjo inabaki. Kile mlichokishangaa kwenye ndoo usiku ule, mnakitumia kliniki ya watoto kila wiki.

Sasa theluji ya pumzi. Mtu mzima hutoa karibu kilo moja ya kaboni dayoksaidi kwa siku. Ungeweza kuigandisha yote, ungekuwa na tofali dogo lenye ujazo mdogo kuliko chupa ya lita moja. Kwa hiyo wauguzi wanne wa zamu kwa usiku mmoja mngetengeneza kilo mbili za barafu kavu kwa kupumua tu, na msingehitaji kusubiri boksi kutoka Dar.

Je, kuna baridi ya kutosha? Baridi kali kuliko zote iliyopimwa kwa kipimajoto ardhini ni ya kituo cha Vostok, Antaktika, tarehe 21 Julai 1983: nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Hiyo imepita nyuzi 78.5, na mtu angetarajia hewa ukaa ianze kudondoka. Haikudondoka. Kinachohesabiwa hapa ni umati wa kaboni dayoksaidi peke yake, si wa hewa yote, na katika kila molekuli 10,000 za hewa yetu ni kama nne tu zilizo za kaboni dayoksaidi. Ni wachache mno kukutana na kuketi madawatini. Ungehitaji karibu nyuzi 140 chini ya sifuri. Kipande chenu kingepelekwa Vostok usiku ule kingekaa kimya, bila kuruka kwa fujo, lakini kingeendelea kupungua polepole kama kafuri ya bibi.

Na kama baridi hiyo ya nyuzi 140 ingekuja kweli na kuiangusha hewa ukaa yote ya dunia? Nimepiga hesabu hii mara mbili kwa sababu sikuiamini ya kwanza. Juu ya kila mita moja ya mraba ya dunia, kuanzia ardhini hadi mwisho wa hewa, kuna kilo sita na kidogo za kaboni dayoksaidi. Ikiganda na kushindiliwa, itafunika nchi na bahari kwa unene wa milimita 4. Basi. Gesi yote inayolisha kila mhindi, mgomba na msitu wa dunia hii, na ambayo kuongezeka kwake kunatubadilishia misimu ya mvua, ni tabaka la milimita nne. Kila nikiifikiria namba hiyo naielewa vizuri zaidi hofu ya wanaopima moshi wetu.

Anayetaka kuona theluji yenyewe aende Mirihi. Hewa ya huko ni kaboni dayoksaidi kwa asilimia 95, ingawa ni nyembamba, haifiki hata sehemu moja kwa mia ya yetu. Hapo huganda kwenye nyuzi 125 hivi chini ya sifuri, na ncha za sayari hiyo wakati wa kipupwe hufika huko. Karibu robo ya hewa nzima hulala ardhini kama barafu kavu, kisha hupaa tena jua likirudi. Mwaka 2012 watafiti wanaotumia chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter walieleza ushahidi wa theluji yake ikianguka. Karibu na ncha ya kusini jua la masika hupenya barafu hiyo, hupasha udongo ulio chini yake, gesi inajikusanya na kupasuka juu ikibeba vumbi, na inaacha mifereji yenye umbo la buibui. Hakuna tone linalotiririka popote.

Nirudi kwenu, kwenye stoo ya vitendanishi, kwa sababu hapo ndipo nina wasiwasi. Kaboni dayoksaidi ni nzito mara moja na nusu ya hewa, hukaa chini, haina rangi wala harufu. Ndugu zetu wa Goma na Sake wana neno kwa mabonde yanayojaa gesi hiyo kutoka ardhini: mazuku. Mbuzi huingia akaanguka, mtoto humfuata naye akaanguka. Wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua neno hilo la Kiswahili kama lilivyo. Ziwa Nyos la Kamerun liliachia gesi hiyo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, na watu wapatao 1,700 wakafa. Na Ziwa Kivu limeshikilia nyingi zaidi ya hiyo kwenye kina chake, imezuiliwa na mgandamizo ule ule tuliozama nao Tanganyika.

Chumba cha mita tatu kila upande, dirisha limefungwa, kilo tano za barafu kavu zikiisha humo zitafanya sehemu moja kwa kumi ya hewa iwe kaboni dayoksaidi. Kwa kiwango hicho mtu hupoteza fahamu. Ndani ya gari dogo lililofungwa vioo, kilo moja pekee inatosha kuua. Kwa hiyo boksi likija, lifungulieni mahali penye upepo, msilishushe shimoni wala kwenye chumba cha chini, dereva asilibebe bila kufungua vioo, na anayeinama kuchukua kilichomo asiingize kichwa. Kipande kishikwe kwa glavu nene au koleo, kamwe si kwa glavu zenu nyembamba za kazi. Ngozi hufa kwa baridi hiyo kama ilivyoungua moto.

Mkipata tena kilichobaki, nina ombi. Kiwekeni nje barazani kwenye mizani ndogo ya dijitali ya jikoni, juu ya gazeti lililokunjwa ili baridi isiharibu mizani, na muandike uzito kila baada ya dakika kumi mpaka kiishe. Kila gramu itakayopungua ni kama nusu lita ya gesi imeondoka mbele yenu bila kuonekana. Andikeni pia joto la hewa, na kama kulikuwa na upepo wa ziwa. Nitumie namba hizo, nichore mchoro wake na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu.